Sentensi ile mashine inasoma, na sisi tuisome

Bandugu wa kazi, maneno ya IA, hii akili ya mashine, yanafika sasa hata ku mikutano yetu ya sindika. Wengi wanauliza kama itatukamata kazi. Ni swali kubwa, lakini leo ninasema juu ya kitu kidogo sana, sentensi mbili tatu tu, ambazo zinaweza kutuumiza mbele ya ile.

Kuna IA wanaita ajenti. Mkubwa anaiuliza kwa maneno ya kawaida, na yenyewe inaenda kutafuta jibu ndani ya data ya kampuni. Haifungui data vile mtu anafungua kabati. Inapewa vyombo: kimoja kinatafuta majina, kingine kinahesabu mishahara, kingine kinaonyesha tablo gani ziko na ndani yake muko nini. Kila chombo kina jina, maelezo mafupi, na habari zile kinaomba, kama tarehe ao nambari ya mfanyakazi. Model Context Protocol, kanuni ile kampuni Anthropic ya Marekani ilitoa ku mwezi wa 11 mwaka 2024, inapanga vyombo namna ile. Kwa kawaida ajenti haioni programu iko ndani ya chombo. Inasoma maelezo, njo inachagua.

Tuseme sasa chombo kimeandikiwa hivi: «Kinatoa ajali zote za kazi ku mine.» Mashine inaamini «zote». Lakini tablo ile inaandika tu wenye nambari ya kampuni kubwa. Kijana wa sutretansi aliyevunjika mguu ku kariere ile ile hamo, jina lake liko ku daftari ya bosi wake mwingine. Jiwe haliulizi kontra, lakini tablo inauliza! Kiisha tablo inahesabu tu ajali zenye kusimamisha kazi. Yule walimufunga kidole na kumurudisha ku posti kesho yake, naye hahesabiwi. Mkubwa anauliza: mwezi huu ajali ngapi? Jibu: hakuna. Karatasi inafika ku komite ya usalama, na delege anaombwa kutia sahihi.

Maelezo ya kweli yangesema: «Kinatoa ajali za wafanyakazi wa kampuni kubwa peke yao, zile zilisimamisha kazi siku moja ao zaidi. Sutretansi haimo. Kama hakuna mstari, maana yake haikuandikwa. Haionyeshi kama haikutokea.» Hapo mashine yenyewe inaweza kumuambia mkubwa: jibu langu si la watu wote.

Waenjinia wana namna za kupima maelezo haya. Wengine wanapatia IA ya pili kazi ya kuyasoma na kuyapa pointi: yako wazi, hayako wazi. Ile peke yake mimi siikubali. Sentensi inaweza kuwa safi kabisa, bila kosa hata moja, na kudanganya juu ya tablo. Anayejua nani hamo ni karani wa mishahara, ni infirmye, ni delege aliyesindikiza mgonjwa ku hospitali. Bila wao, IA inapima sentensi tu.

Namna ya haki iko. Tukamate maswali makumi mbili ambayo majibu yake tuko nayo ku karatasi. Tuulize ajenti, tuangalie ilichagua chombo gani, iliweka tarehe gani, ilijibu nini. Swali moja liulizwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili chetu, «accident», «ajali», «kuumia», juu ya kuona kama linafika fasi moja. Tuchanganye na maswali ambayo jibu lake halimo ku data. Pale mashine inapaswa kusema haina habari. Kiisha mtu abadilishe sentensi moja ya maelezo, tuulize tena yote.

Watatuambia maelezo marefu yanachosha mashine. Ni kweli kidogo: maneno yakizidi, inachanganya vyombo na kazi inakuwa bei. Lakini «sutretansi haimo» ni maneno mawili. Watasema tena ni siri ya kampuni. Siri gani? Maelezo ya chombo hayana jina la mtu wala mshahara wake.

Kode ya kazi ya 2002 imeweka delege, imeweka na komite ya usalama na usafi. Ku mkutano unaokuja tuombe karatasi moja: maelezo ya vyombo vyote vinavyogusa ajali, mishahara na saa za ziada, kwa Kifaransa, pamoja na jina la mtu mwenye ruhusa ya kuyabadilisha. Juu ya saa za ziada, swali la kwanza ninalo tayari: posti ya usiku inayoanza tarehe 31 na kuisha tarehe 1, chombo chao kinaihesabu ku mwezi gani?