Kovu la Datsun Lisifutwe

Aghalabu itajwapo motokaa ya mbio ya zamani, fikira za watu hukimbilia Ulaya, kwenye Jaguar ya Waingereza na Ferrari ya Wataliana, na ni wachache wakumbukao kwamba Wajapani, ambao magari yao yameenea katika miji yetu yote yakichukua abiria, saruji, mchicha na maharusi, nao waliwahi kuunda chombo cha kutamaniwa kwa sura na kwa mwendo. Chombo hicho ni Datsun 240Z ya kampuni ya Nissan, kilichodhihirishwa Japani mwezi wa Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z, boneti yake ndefu, mgongo wake umeteremka taratibu hadi nyuma, na ndani yake injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wake sentimita za ujazo 2,393. Huko Marekani, ambako Yutaka Katayama, mkuu wa biashara ya Nissan, hakulipenda jina la Fairlady, akaona tarakimu tatu na herufi moja zatosha, gari hilo liliuzwa kwa dola 3,500 hivi, bei ambayo Jaguar ya wakati ule haikuikaribia.

Imepita zaidi ya nusu karne, na gari lililokusudiwa mtu wa mshahara wa kadiri limegeuka johari ya matajiri. Mnamo Januari 2020, 240Z ya mwaka 1971, iliyokuwa imetembea maili 21,000 tu, ilinunuliwa katika mnada wa Marekani kwa dola 310,000. Sina husuda na aliyeuza wala aliyenunua, kwani mali ni ya mwenyewe. Lakini bei za namna hii zimezaa itikadi ambayo kwangu mimi ni hasara tupu, nayo ni kwamba gari bora la kale ni lile lisiloonyesha dalili ya kuwa liliwahi kuendeshwa, na kwamba lile lililotumika halina budi kuvuliwa, kuchunwa, kupakwa na kung'arishwa hata aliyeliunda angelitazama asilitambue. Mimi nashikilia kinyume chake: gari la kale huhifadhiwa kwa kutengenezwa na kuendeshwa, na alama za maisha yake, madhali hazimhatarishi mtu, ni sehemu ya mali inayohifadhiwa.

Atakaye kuijua tabia ya gari hili asianzie Marekani, japokuwa ndiko lilikouzwa kwa wingi. Aanzie katika barabara zetu. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye yakazoeleka kuwa ya Pasaka, majira ambayo masika huwa yameanza na udongo mweusi umegeuka gundi, yalikuwa mtihani uliowaumbua waundaji mashuhuri wa dunia. Mwaka 1963, Nissan walipotia magari yao kwa mara ya kwanza, yaliondoka magari 84 yakamaliza 7, na katika hayo saba lao halikuwamo. Mtu mwepesi wa kukata tamaa angalirudi kwao. Wao walirejea tena na tena, wakiimarisha kilichovunjika na kukaza kilicholegea, hata mwaka 1970 wakapata ushindi wa jumla kwa Datsun 1600 SSS iliyoendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani mkaazi wa Kenya, akiongozwa njia na Hans Schüller. Mwaka uliofuata wawili hao walikabidhiwa 240Z, wakashinda tena. Wa pili akawa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, katika 240Z nyingine, na wa tatu Bert Shankland wa Dar es Salaam katika Peugeot 504. Mwaka 1973 Mehta naye alishinda kwa 240Z, baada ya kulingana alama na Harry Källström wa Uswidi, aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine, hata ikabidi kanuni itumike kuwapambanua. Hiyo ndiyo nasaba ya gari hili, na nasaba hiyo iliandikwa kwa matope.

Gari lenyewe lililoshinda mwaka 1971 halikubaki huku. Lilipelekwa Japani, na sasa limo katika hazina ya magari ya kale ya Nissan huko Zama, katika mkoa wa Kanagawa. (Sifichi kwamba naona uchungu kidogo kuwa halimo Nairobi, lakini kama lingebaki Nairobi huenda leo tungekuwa twalitafuta kipande kipande katika maduka ya vyuma chakavu.) Mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni hiyo, ambao wana chama chao cha kufufua magari ya zamani, waliihuisha mitambo yake likaweza kwenda tena kwa nguvu zake, ama bodi, yenye mabonde na mikwaruzo ya safari ile, waliiacha na alama zake. Kunyoosha mabonde yale kusingewashinda watu wa kiwanda kizima. Waliyaacha kwa hiari, na katika hiari hiyo mna elimu kubwa kuliko ile ipatikanayo katika vyumba vya minada, kwa sababu walitambua kwamba bati jipya lisilo na doa laweza kufanywa wakati wowote na yeyote mwenye fedha, ilhali bonde lililopatikana katika Safari ya 1971 halifanyiki mara ya pili.

Basi mwenye kumiliki gari la namna hii yampasa kwanza apambanue kovu na ugonjwa. Kovu ni rangi iliyofifia kwa jua, ni kiti kilicholika upande anaoingilia dereva, ni dashibodi iliyopasuka, na dashibodi ya 240Z isiyopasuka ni adimu. Ugonjwa ni kutu. Chuma cha gari hili ni chembamba, na kinga ya kutu waliyoijua waundaji wa siku zile ilikuwa haba. Fauka ya hayo halina chesisi iliyo mbali na bodi, bali bodi ndiyo mhimili, hata sakafu ikioza kilichooza si sakafu peke yake, ni nguvu ya gari zima. Maji huingia chini ya kioo cha mbele yakajificha chini ya zulia. Asidi ya betri hudondoka ikala bati linaloibeba. Matope hujikusanya nyuma ya mlango, mbele ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo jicho halifiki wala mkono haupenyi. Na chini ya sakafu mihimili miwili huliwa kwa ndani huku nje ikionekana mizima. Mnunuzi asiyejua huvutwa na rangi mpya akalipa papo hapo. Ajuaye huja na tochi na sumaku, akalala chini mgongo mchangani, akapapasa kila pembe, maana sumaku hukamata chuma, haikamati puti.

Na hapa ndipo ufundi wa kweli unapojitenga na ule wa kubabaisha. Fundi wa puti huziba tundu, akasugua, akapiga rangi, akachukua ujira wake, na kutu ikaendelea na karamu yake chini kwa chini hata masika ya pili. Fundi wa bodi hukata bati lote bovu mpaka akutane na chuma kinacholia kikigongwa, akakata kipande cha bati la unene ule ule, akakikunja kwa nyundo na chuma cha kuegemea hata kilingane na mviringo uliokuwapo, akakichomelea kidogo kidogo, akihama huku na huku ili joto lisilipinde bati, kisha akalipa kinga pande zote mbili kabla ya kufikiri habari ya rangi. Kazi hiyo ni ya polepole na ujira wake ni mkubwa, na wenye magari wengi hulalamikia gharama yake huku wakitoa fedha maradufu kwa magurudumu ya kung'aa. Katika gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na katika karakana za jua kali za Nairobi wako watu waliokunja mabati ya malori na mabasi kwa mikono miaka na miaka, na wanaweza kuifanya kazi hii wakipewa nafasi, kipimo na heshima yao.

Injini ina subira kuliko bodi, nayo kwetu si mgeni. Wahandisi wa Nissan hawakuibuni upya. Injini ya 240Z ina upana wa silinda na mwendo wa pistoni sawasawa na ile ya Datsun 1600, isipokuwa imeongezwa silinda mbili, nne zikawa sita. Ukoo huo huo wa injini ndio uliowekwa katika Datsun 160J, iliyojulikana sana katika barabara zetu na ambayo Mehta aliipatia ushindi wa Safari mwaka 1979 na 1980. Kwa hiyo fundi aliyewahi kuifungua 160J, akapanga valvu zake kwa geji, akabadilisha cheni ya kemshafti na gasketi ya silinda hedi, tayari amekwisha soma sehemu kubwa ya kitabu cha 240Z, ijapokuwa hakuwahi kuligusa gari lenyewe. Yanayombakia ni kabureta mbili za Hitachi, zilizoundwa kwa mfano wa SU ya Waingereza, ambazo hazina budi kuvuta hewa kwa kiasi kimoja. Fundi wa siku hizi, aliyezoea kuchomeka kompyuta na kusoma namba ya hitilafu, husimama mbele ya kabureta hizi hajui pa kuanzia. Fundi wa zamani hutwaa kipande cha mpira, akatia ncha moja sikioni na ncha ya pili katika mdomo wa kabureta, akasikiliza mvumo, akahamia ya pili, akageuza skrubu robo, akasikiliza tena, hata mivumo miwili iwe mmoja. Elimu hiyo iko hatarini kuliko gari, kwa kuwa gari likifungiwa bandani hudumu miaka 30, ama sikio la fundi huenda na fundi.

Kuna hoja ya upande wa pili, na insafu yataka isikilizwe. Watu wenye akili zao husema kwamba gari lililoachwa na kasoro zake hushuka thamani, na kwamba aliyetumia akiba yake yote hawezi kuambiwa apendezwe na rangi iliyobabuka. Naikubali sehemu. Breki, mipira ya mafuta, tairi na nyaya za umeme zilizokauka havina uturi wa historia. Ni vya kubadilishwa bila huzuni, na mwenye kung'ang'ania mpira wa mafuta wa mwaka 1971 kwa sababu ni wa asili atakuja kuliona gari lake likiwaka moto na uasili wake wote. Rangi nayo, ikiwa imekwisha kabisa na chuma ki uchi, ipigwe. Nikataacho ni ule ushupavu wa kuondoa kizima pamoja na kibovu, wa kutupa kiti kinachofaa kwa sababu kina alama ya mgongo wa mtu.

Waundaji wenyewe wameanza kuzinduka. Nissan walikuwa na mpango katika miaka ya 1990 wa kuzifufua 240Z na kuziuza Marekani, na mwaka 2017 wakaanza kuunda tena spea za Skyline GT-R ya zamani. Toyota mwaka 2020 wakafanya vivyo hivyo kwa Supra, kisha 2000GT. Wanastahili shukrani, japo spea hizo bei yake ni kali na zimekusudiwa magari ambayo tayari yana walezi wenye uwezo.

Serikali, kwa upande wao, hazijajua cha kufanya na gari kuukuu. Japani kwenyewe, gari la petroli likipita miaka 13 huongezewa kodi, jambo ambalo limesukuma magari mengi kwenda ng'ambo, mengine yakateremkia bandari zetu. Kenya nayo hairuhusu kuingizwa gari lililotumika zaidi ya miaka 8, sheria yenye hekima kwa magari ya biashara, kwani nchi haitaki kuwa jalala la wengine. Lakini magari ya kale yaliyokwisha kuwamo nchini, ambayo baadhi yake hushiriki mashindano ya Safari ya magari ya kale yaliyoanza mwaka 2003, na mengine huonekana katika maonyesho ya umaridadi wa magari yanayofanyika Nairobi tangu 1970, yanahitaji macho mengine.

Ningependa idara zinazosajili magari Kenya, Tanzania na Uganda ziweke daftari la magari ya historia, na sharti la kuingia humo lisiwe kung'aa, liwe kwenda: gari lifike kwa nguvu zake, breki zake zishike, sakafu yake ipigwe sumaku. Litakalofaulu lipunguziwe ada. Na katika ukurasa wake, chini ya jina la mwenye gari, liandikwe jina la fundi na kazi aliyoifanya, bati gani alilikata, lipi aliliunga, kabureta alizipanga vipi, kwa sababu kijana atakayelifungua gari lile baada ya miaka 20 atahitaji kuyajua hayo kabla hajashika nyundo.