Moto Ukizimwa, Mchango Usizimwe

Moto ukishika kijijini, simu ndizo huanza kulia. Mtu anapiga picha ya moshi, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kabla ya jua kutua kuna namba ya mweka hazina na orodha inayokua: fulani 200, fulani 500, fulani 1,000 na ya kutoa. Siku ya tatu orodha ni ndefu. Siku ya saba imekatika. Wiki ya pili, kundi limerudi kwa salamu za asubuhi na kadi za harusi.

Hatusemi haya kwa kumnyooshea mtu kidole. Hata sisi tunaofanya kazi ya kuhudumia miamala yenu tumo kwenye makundi kama hayo, na tumenyamaza siku ya nane kama wengine. Lakini tunaamini hapo ndipo tunapokosea. Pesa ya wiki ya kwanza huokoa maisha, ila ile inayomsimamisha mtu tena ni pesa ya mwezi wa tatu na wa sita.

Kati ya wiki moja na miaka minne

Mnakumbuka moto wa Lolldaiga, kule Laikipia, Machi 2021. Ulizuka wakati wanajeshi wa Uingereza wakifanya mazoezi katika eneo hilo, ukala maelfu ya ekari za nyasi na vichaka. Wakazi wa karibu walilalamika kuhusu moshi, afya na mali yao, wakaenda kortini. Ilifika 2025 ndipo serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 2.9 kwa walalamishi 7,723. Ukigawa sawasawa, kwa hesabu ya kalamu tu, ni kama pauni 375 kwa kila mmoja. Baada ya miaka minne.

Kudai haki ni sawa, na waliodai walifanya vyema. Lakini mbuzi hangoji kesi iishe. Malisho yakishaungua, mifugo inataka chakula jioni hiyo hiyo. Mwenye mifugo asipopata pesa ya kununua marobota ya nyasi, anauza. Anauza kwa bei ya kutupa, kwa sababu mnunuzi anajua jirani huyu hana pa kukimbilia. Mvua zikija na nyasi zikiota tena, zizi liko tupu. Moto haukuwaua mbuzi wake. Waliondoka kwa kukosa elfu chache kwa wakati.

Ukimuuliza aliyeunguliwa, atakwambia hivyo hivyo: wiki ya kwanza alikuwa na mablanketi mpaka ya kugawia wengine. Mwezi wa tatu hakuwa na mbegu.

Gawa mchango wako

Pendekezo letu ni rahisi. Kama umepanga kutoa 1,500, usiitoe yote siku ya moshi. Toa 500 sasa, ya maji, chakula na dawa. Toa 500 mvua zikikaribia, ya mbegu na nyasi za mifugo. Nyingine 500 itume shule zikifunguliwa. Andika tarehe hizo kwenye kalenda ya simu ili ikukumbushe, kwa sababu utasahau. Sote husahau.

Utatuuliza: si nitalipa ada mara tatu? Swali zuri, hasa likiulizwa kwetu, maana ada ndiyo mapato yetu. Basi fungua jedwali la ada kabla hujaamua, ulinganishe. Ukiona kugawa kunakugharimu zaidi, tafuteni watu watatu mtume kwa zamu: huyu leo, yule mwezi ujao.

Mtumie mwenyewe

La pili: pale inapowezekana, tuma kwenye laini ya aliyeunguliwa. Kuna watu husema, "Ukimpa pesa mkononi atalewa, afadhali tumpelekee unga." Mwaka 2014, watafiti wawili wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuhusu familia zilizopewa pesa taslimu. Kwa jumla, hawakuona pombe na sigara zikiongezeka. Mama aliyepoteza paa anajua vizuri kama leo anahitaji unga, mabati au nauli ya hospitali. Gunia la nguo kuukuu haliwezi kugeuka mabati.

Yapo mambo ya watu wote, kama tangi la maji au darasa lililoungua. Hayo yanahitaji kamati. Lakini kamati isitumie laini ya mtu binafsi, hata akiwa mwaminifu namna gani. Pesa za mchango zitachanganyika na za sukari yake, na Mungu apishe mbali, akifariki zitakwama humo. Fungueni Paybill kwa jina la kikundi, zaidi ya mtu mmoja waidhinishe malipo, na hesabu isomwe barazani: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Watu hawachoki kutoa. Huchoka kutoa bila kuambiwa pesa zilikwenda wapi.

Simu ikiungua pia

Simu ikiteketea, pesa zako hazijateketea. Zimo kwenye akaunti yako, si ndani ya kile kifaa. Azima simu ya jirani, pigia huduma kwa wateja laini ifungwe, kisha nenda na kitambulisho ufanyiwe laini mpya yenye namba ile ile. Kitambulisho nacho kikiwa kimeungua, anzia kituo cha polisi upate abstract, halafu uombe kingine. Na wewe unayemsaidia jirani, msaidie kila kitu isipokuwa kushika PIN yake.

Ukishapata laini, omba taarifa ya miamala yako ya miezi iliyopita na uihifadhi pamoja na picha za hasara. Uliponunua ndama kwa simu, imeandikwa. Ulipolipia mabati, imeandikwa. Siku ya kudai fidia utaulizwa, "Una ushahidi gani?", na maneno matupu hayatoshi.

Jihadharini pia na matapeli, kwa sababu hufika karibu wakati mmoja na wasamaria wema. Picha ya moto inaweza kuwa ya nchi nyingine kabisa. Kabla ya kutuma, mpigie mtu unayemjua kule, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Na ukiambiwa, "Fidia yako imefika, tuma kwanza ada ya usajili," kata simu. Anayekudai pesa ili akupe pesa anakuibia.

Harambee tunaijua. Hakuna anayehitaji kuwafundisha Wakenya kuchangia. Kilichobaki ni kujifunza kuchangia polepole, mpaka mavuno ya kwanza yaingie ghalani.

Kwa hiyo leo, kabla hujaiweka simu chini, tafuta lile kundi la mchango lililonyamaza. Pengine bado liko, limezama chini ya makundi mengine. Andika mstari mmoja: "Habari za huko? Mbegu mmepata?" Kisha ngoja jibu, na ulijibu kwa chochote ulicho nacho, na ya kutoa.