Nyaya Zilitua Mombasa, Ajira Zikabaki Nairobi

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilipita chini ya bahari zikatua Mombasa, na mwaka uliofuata ukaja waya wa EASSy. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua. Lau kuwa karibu na waya ndiko kunakozaa biashara za teknolojia, Mombasa leo ingekuwa mbele ya miji yote nchini. Badala yake, kampuni na wawekezaji walirundikana Nairobi, yaliko makao ya Safaricom iliyozindua M-Pesa mwaka 2007, na ambako kituo cha ubunifu cha iHub kilifunguliwa mwaka 2010. Mombasa ina kituo cha SwahiliPot na Kisumu ina LakeHub. Vituo hivi vinanoa vipaji vya vijana, ila kipaji kisicho na soko nyumbani hakina budi kuhama.

Kampuni changa hutafuta mteja mkubwa wa kwanza, mtaji, na ofisi inayotoa maamuzi. Yote matatu yako Nairobi, kwenye wizara, makao makuu ya benki na mashirika ya kimataifa. Hali hii haikujileta yenyewe. Waraka wa serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyotarajiwa kuongeza uzalishaji zaidi, na kwa njia hiyo aliyenacho akaongezewa. Hata tulipoamua kujenga jiji jipya la teknolojia, Konza, lililozinduliwa Januari 2013, tuliliweka kilomita 60 hivi tu kutoka Nairobi.

Wapo wanaosema kuwa teknolojia hustawi pale wataalamu wanapokaa pamoja, na kwamba kuitawanya ni kuiua. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu sidai kila kaunti kati ya 47 iwe na kitovu chake. Lakini Marekani, yenye soko huru kuliko letu, inaonyesha gharama ya kuiacha hali ijiendee: kati ya 2005 na 2017, miji mitano pekee ilijizolea asilimia 90 ya ongezeko la ajira katika sekta za ubunifu wa hali ya juu. Mwaka 2022 Bunge la nchi hiyo liliidhinisha fedha za kujenga vitovu vya teknolojia katika maeneo mengine. Wengine husema siku hizi mtu hufanya kazi popote alipo. Mbona basi intaneti imeenea nchini na kampuni bado zinasongamana mahali pamoja?

Serikali ni mnunuzi mkubwa, na hapo ndipo pa kuanzia. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti hospitali na huduma za kilimo, kazi zinazohitaji mifumo ya rekodi, malipo na takwimu. Kaunti za Pwani ziungane kununua mifumo hiyo, na za Nyanza na Magharibi vivyo hivyo, kwa sharti kwamba timu inayoiunda na kuitunza iwe na makao katika eneo husika. Zabuni ibaki wazi kwa kampuni ya Mkenya yeyote, ili sharti hilo lisigeuke kichaka cha ukabila au upendeleo. Majengo tumeshajenga ya kutosha. Vijana wa Mombasa na Kisumu sasa wanahitaji mteja anayelipa.