Picha Moja ya Usiku Haitoshi



Katika kundinyota la Mashuke kuna safu ya galaksi iitwayo Mnyororo wa Markarian. Imepewa jina la Benjamin Markarian, mwanaastronomia Mwarmenia, aliyebaini mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba kadhaa kati ya galaksi hizo zinasafiri pamoja. Kila moja ina mabilioni ya nyota. Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na bado huchukua miaka ipatayo milioni 50 kutufikia kutoka huko.

Lakini mtu wa kawaida mwenye darubini ndogo na kamera anaweza kuzipiga picha akiwa uani kwake. Haoni kitu mwanzoni. Anaiacha kamera ikikusanya mwanga kwa dakika kadhaa, huku mtambo ukiizungusha polepole kuzifuata nyota. Picha ya kwanza hutoka na chenga tupu na madoa hafifu. Anapiga ya pili, ya kumi, ya hamsini, kisha kompyuta huziunganisha zote. Chenga hutawanyika ovyo, kila picha na zake, kwa hiyo hupungua nguvu. Mwanga wa galaksi huangukia palepale kila mara, hivyo huongezeka. Haba na haba, mnyororo unajitokeza.

Nimelikumbuka hili kwa sababu ya mama mmoja tunayesali naye. Ameomba miaka tisa mwanawe aache pombe. Mwezi uliopita, katika mkesha, aliambiwa mbele za watu kwamba hajajibiwa kwa kuwa imani yake ni haba. Nilikuwapo, nikanyamaza. Najuta.

Tumezoea mno mabango ya muujiza wa usiku mmoja. Siukatai muujiza, Mungu akitaka hutenda leo. Ninachokataa ni kuichukua picha moja yenye chenga, tukamwambia mwenye kamera kwamba ni mbovu. Mwanga uliingia usiku ule pia. Ulikuwa kidogo, nao haukupotea.

Na wewe msomaji, huenda kuna jina ulilokuwa ukilitaja kila ulipopiga magoti, sasa umeacha kwa sababu huoni dalili. Soma Zaburi ya 147. Mtunzi wake anawaweka bega kwa bega waliovunjika moyo na nyota za mbinguni. Anayezijua hizi kwa majina ndiye anayewatibu wale. Mungu huyo hakuhitaji kamera ili kuziona galaksi za Mashuke, wala hahitaji kelele zetu ili amjue kijana mmoja aliyelala kilabuni. Litaje tena jina hilo leo, hata kwa sauti iliyochoka.

Yule mama alikuja kwenye maombi ya Jumatano, akaketi benchi lake la nyuma kama kawaida. Safari hii nilikwenda kuketi naye. Alinisogezea mkoba wake nipate nafasi, tukaanza kuomba.