Breki za Nyuma: Kanyaga Kabla ya Kuondoka

Ukiishi Magwagwa, kaunti ya Nyamira, huhitaji kuelezwa kazi ya breki. Barabara za huku ni za kupanda na kushuka, na mvua ikinyesha udongo huteleza kama sabuni. Basi ukiamua kufunga diski na padi mpya za nyuma mwenyewe nyumbani, usiwe na haraka.

Tafuta mahali tambarare. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa, maana breki ya mkono lazima uiachilie. Usitegemee jeki peke yake. Weka stendi imara.

Diski mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yafute kabisa. Kisha itazame pistoni. Katika magari mengi ambayo breki ya mkono imeunganishwa na kalipa, pistoni ya nyuma hairudi kwa kusukumwa, bali kwa kuzungushwa kama skrubu. Ukiilazimisha utaiharibu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye hatari. Kazi ikiisha, pistoni bado imerudi nyuma, mbali na padi. Ukikanyaga mara ya kwanza, pedali huzama na gari halishiki! Kwa hivyo kanyaga mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka pedali iwe ngumu. Angalia kiasi cha mafuta ya breki, kisha ijaribu polepole hapo hapo tambarare.

Pedali ikibaki laini, usishuke mteremko, mwite fundi. Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini hii, ndugu yangu, inayo.