Taji la Aspelta si la Kuazima

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aspelta, mfalme wa Kushi aliyetawala Napata, katika nchi iitwayo leo Sudan, yapata mwaka 600 hadi 580 K.K., amekwisha kunyongwa mara mbili. Haki yake bado.

Mara ya kwanza alinyongwa kwa nyundo. Mwaka 593 K.K. Farao Psamtik wa Pili alipeleka jeshi kusini. Sanamu za wafalme wa Kushi, ya Aspelta ikiwamo, zilivunjwa shingo na miguu, na wataalamu wengi wanaona hiyo ni kazi ya jeshi lile. Vipande vilifukuliwa Jebel Barkal mwaka 1916, na vingine Dukki Gel, karibu na Kerma, mwaka 2003.

Mara ya pili alinyongwa kwa kalamu. George Reisner, Mmarekani aliyefukua Jebel Barkal na kaburi la mfalme huyo huko Nuri, aliyaona yote kwa macho yake, kisha akaandika kwamba ukoo ule wa kifalme asili yake ni Libya. Ati Mwafrika mweusi hakuwa na uwezo wa kusimamisha dola kama ile. Jeneza la mawe likasafirishwa Boston, na sifa ikasafirishwa Libya!

Ushahidi gani zaidi ulitakiwa? Jiwe lililopatikana Jebel Barkal mwaka 1862 lasimulia jinsi Aspelta alivyopata taji. Jeshi limekusanyika, halina mfalme. Ndugu wa kifalme wapelekwa mbele ya Amuni, hakuna achaguliwaye. Aletwa Aspelta, naye aridhiwa. Kisha watajwa mama zake, mama kwa mama, vizazi saba. Majina yao na lake yalifutwa kwa tindo, lakini lakabu zake za kifalme zilisalia, na ndizo zilizomtambulisha.

Wapo watakaosema Reisner alikufa mwaka 1942, na hoja yake imekwisha kukataliwa; ya nini kuifukua? Uongo hauzikwi na msemaji wake. Msomaji wa pwani anaujua: hata magofu ya Gede yaliwahi kuhesabiwa kuwa kazi ya wageni.

Basi jiwe la Aspelta lisiachiwe wachimbaji peke yao. Ule ni utungo, una kisa, una mizani ya maneno. Wenye kalamu ya Kiswahili na waufasiri, wenye sauti na waughani. Aliyefutwa jina kwa tindo hurudishiwa kwa ulimi.