Lubumbashi: shule ya serikali ina mabwana wanne, lakini nani anawajibika?

Kila mwezi wa Septemba, kengele ya shule inapolia katika komini saba za Lubumbashi, swali linalorudi kwa wazazi ni lile lile. Ikiwa masomo ya msingi ni ya bure tangu 2019, mbona mwisho wa mwezi mtoto bado anarudi nyumbani na ujumbe wa kuomba pesa? Na ikiwa serikali inalipa, kwa nini mwalimu anafundisha akiwa hajui atakula nini kesho?

Jibu la haraka ni kusema "serikali imeshindwa" au "wakuu wa shule ni wezi". Ukweli ni mgumu zaidi kidogo. Shule ya serikali katika Haut-Katanga ina mabwana wanne: jimbo, Kinshasa, dini na mzazi mwenyewe. Kila mmoja anashika sehemu yake, na jambo likiharibika kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole.

Katiba inasema jimbo, mshahara unasema Kinshasa

Katiba ya Februari 18, 2006 iko wazi. Kifungu cha 43 kinasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Kifungu cha 204 nacho kinaweka shule za chekechea, za msingi na za sekondari kati ya mambo yaliyo mikononi mwa jimbo, mradi lifuate kanuni zilizowekwa na serikali kuu.

Kwa maandishi, basi, shule ya Katuba au ya Kampemba ni mambo ya gavana na bunge la jimbo. Kwa vitendo, anayeamua kama mwalimu atalipwa yuko Kinshasa. Orodha ya walimu inashikwa na idara iliyojulikana kwa miaka mingi kama SECOPE, na ambayo siku hizi inaitwa DINACOPE. Mshahara unatoka katika bajeti ya taifa na, tangu mageuzi yaliyoanza 2011, unapitia benki. Programu ya masomo, wakaguzi na mtihani wa serikali vinatoka kwa wizara. Hata mkuu wa divisheni ya elimu, anayeitwa PROVED, anafanya kazi Lubumbashi lakini bosi wake ni waziri, si gavana.

Katiba ilikuwa imefikiria njia ya kusawazisha mambo. Kifungu cha 175 kinataka majimbo yabakie na asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa kwao, yakikatwa moja kwa moja kwenye chanzo. Kifungu hicho hakijawahi kutekelezwa namna kilivyoandikwa. Pesa zinapanda Kinshasa, kisha sehemu yake inarudi kwa wakati na kiasi ambacho Kinshasa inaamua. Jimbo limepewa shule katika Katiba, lakini halikupewa mfuko wa kuziendesha.

Serikali inalipa, dini zinaongoza

Bwana wa tatu ni dini. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitaifisha shule za makanisa. Miaka mitatu tu baadaye mzigo ulikuwa umeilemea serikali, na Februari 26, 1977 mkataba ulisainiwa kuzirudisha chini ya uongozi wa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu na madhehebu mengine wakaingia baadaye.

Tangu hapo shule nyingi za umma nchini ni za mkataba. Serikali inalipa walimu na kuweka programu; dini inaongoza kupitia ofisi yake ya uratibu, inapendekeza wakuu wa shule na kulinda nidhamu. Lubumbashi inaujua vizuri mpango huu. Majina kama Imara ya Wasalesiani au Lycée Tuendelee yamejenga heshima ya vizazi, sambamba na shule za serikali yenyewe kama Lycée Kiwele.

Faida yake inaonekana: pale serikali ilipolegea, dini zilishikilia. Hasara yake ni kwamba mzazi mwenye malalamiko hajui aende wapi. Akienda kwa uratibu wa dini, anaambiwa mshahara ni wa serikali. Akienda kwa divisheni, anaambiwa mkuu wa shule aliletwa na dini.

Mlango ulifunguliwa, darasa halikupanuka

Kabla ya 2019, bwana wa nne, mzazi, ndiye aliyebeba shule. Tangu miaka ya 1990, mshahara wa serikali ulipogeuka kuwa pesa ya sabuni, wazazi walilipa primu ya mwalimu. Pesa hiyo haikuishia kwa mwalimu: sehemu yake ilipanda ngazi hadi ofisi za juu za elimu. Ulikuwa mfumo mzima uliosimama juu ya mgongo wa mama anayeuza makala au unga sokoni.

Lubumbashi iliumia kwa namna yake. Kwa miaka mingi Gécamines, na kabla yake Union Minière, ilisomesha watoto wa wafanyakazi wake. SNCC, kampuni ya reli, nayo ilikuwa na shule zake. Gécamines ilipoanguka, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 kuondoka katika mpango wa "kuacha kazi kwa hiari" wa miaka ya 2003 na 2004, familia nyingi zilipoteza mshahara na shule kwa pamoja.

Ndiyo maana uamuzi wa Rais Félix Tshisekedi wa kuanzisha masomo ya bure mwezi wa Septemba 2019 ulipokelewa kwa furaha. Serikali inasema watoto zaidi ya milioni nne waliingia au kurudi shuleni kote nchini. Benki ya Dunia ilikubali mradi wa dola milioni 800 mwezi wa Juni 2020 ili kusaidia.

Lakini watoto walifika kabla ya madarasa, na kabla ya walimu. Benchi la watoto wawili likakaliwa na watatu au wanne. Maaskofu Wakatoliki wa CENCO, ambao walikubali kanuni ya masomo ya bure, walionya kwamba ubora unashuka. Wazazi wenye uwezo walihamisha watoto kwenye shule za kibinafsi. Matokeo yake ni kwamba shule ya bure inazidi kuwa shule ya maskini peke yao, na wenye sauti mjini hawana tena mtoto ndani yake wa kuwafanya wapige kelele.

Mwalimu asiye kwenye orodha

Kidonda kikubwa kinaitwa NU, yaani "nouvelles unités": walimu walioajiriwa, wanaosimama darasani kila asubuhi, lakini ambao hawajaingia kwenye orodha ya malipo. Zamani primu ya wazazi iliwaweka hai. Primu ilipofutwa katika shule za msingi, hao ndio walioachwa mikono mitupu, wakingojea namba ya usajili na zamu yao ya kulipwa.

Upande wa pili wa orodha kulikuwa na majina yanayolipwa bila kufundisha. Mwishoni mwa 2020, wakaguzi wa IGF walioingia SECOPE walitaja shule hewa na walimu hewa waliokuwa wakila pesa za umma, na mwaka 2021 mambo yakafika mahakamani. Hapo ndipo uchungu ulipo: mwalimu wa kweli wa Ruashi anangoja nafasi ambayo pengine imekaliwa na jina lisilo na mtu.

Walio kwenye orodha nao hawajatulia. Mwaka 2021 serikali na vyama vya walimu walisaini makubaliano ya Bibwa kuhusu nyongeza ya mshahara. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa shule 2024-2025 ulianza kwa migomo katika majimbo kadhaa, walimu wakidai dola 500 kwa mwezi na kusema ahadi hazikutimizwa. Kila siku ya mgomo inamgusa mtoto wa shule ya umma. Wa shule ya kibinafsi anaendelea na somo.

Ukuta wa darasa la saba

Masomo ya bure yanaishia mwisho wa shule ya msingi. Baada ya mtihani wa darasa la sita, mtoto anakutana na ukuta. Sekondari inalipiwa, na kiasi kinawekwa kila mwaka kwa uamuzi wa gavana. Uamuzi huo ndio sheria: shule haina haki ya kudai zaidi ya kilichoandikwa humo. Lakini ni wazazi wangapi wa Kenya au Kamalondo wamewahi kuuona ukiwa umebandikwa kwenye mlango wa shule? Usipoujua, huwezi kupinga "pesa za kazi ya mikono", "pesa za benchi" au jina lolote jingine jipya litakalobuniwa.

Kamati ya wazazi (COPA) na baraza la usimamizi (COGES) ziliwekwa kwa kazi hii hasa, kuangalia pesa inayoingia na inayotoka. Pale zinapofanya kazi, mkuu wa shule anaeleza hesabu mbele ya watu. Pale zinapokuwa marafiki wa mkuu wa shule, zinabaki muhuri tu.

Shaba inapita, shule inabaki

Yote haya yanatokea katika mji ambao malori ya shaba na kobalti yanaupita usiku na mchana kwenda Kasumbalesa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 iliweka ushuru wa asilimia 3.5 kwenye shaba, na 10 kwenye madini ya kimkakati, kobalti ikiwemo. Ushuru huo unagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au utemi ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii inayoizunguka.

Komini ya Ruashi ina mgodi ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo hoja ya kwamba "jimbo halina pesa za shule" haitoshi. Ni kweli kwamba jimbo na komini haviwezi kulipa mishahara ya walimu wote. Lakini kujenga vyumba vya madarasa, kuchimba vyoo, kununua mabenchi na kuweka paa jipya ni kazi zinazoweza kutoka kwenye ushuru huo bila kungoja Kinshasa. Mwananchi ana haki ya kuuliza komini yake ilipokea kiasi gani mwaka uliopita, na ni kiasi gani kilifika shuleni.

Kipimo cha mwisho ni mtoto

Shule inapimwa kwa kile mtoto anachojua. Kwa mujibu wa Benki ya Dunia, karibu watoto 97 kati ya 100 wa Kongo wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Sehemu ya sababu ni msongamano na walimu wenye njaa. Sehemu nyingine ni lugha. Mtoto wa Lubumbashi anacheza, anaota na kugombana kwa Kiswahili, kisha anafundishwa kwa Kifaransa na mwalimu ambaye mara nyingi hakupewa kitabu cha Kiswahili. Sheria ya elimu ya Februari 11, 2014 inaruhusu lugha za taifa kutumika kufundishia. Kilichokosekana ni vitabu na mafunzo.

Masomo ya bure hayakuwa kosa. Yaliondoa aibu ya mtoto kufukuzwa darasani kwa sababu mama hajauza. Kosa lilikuwa kufungua mlango bila kusema nani analipa nini na nani ataulizwa. Mambo matatu hayahitaji Katiba mpya wala mkopo mpya: orodha ya walimu wa kila shule ibandikwe ukutani ili mtaa wenyewe uone nani yupo na nani hewa, uamuzi wa gavana kuhusu malipo ya sekondari ubandikwe kando yake, na kila komini yenye mgodi itangaze kila mwaka ushuru ilioupata na shule ilizozijenga.

Karatasi hizo tatu hazitamlipa mwalimu kesho asubuhi. Lakini zitamfanya mzazi wa Katuba ajue, kwa mara ya kwanza, mlango upi wa kugonga.